Firigisi Sita za Wakwe

Mwaka wenyewe mimi siutaji kwa namba, nautaja kwa sufuria: ni ule mwaka mchele ulipopanda bei mpaka mtaani kwetu tukawa tunaupika siku ya sikukuu tu, tukarudi kwenye ugali wa muhogo na dagaa, asubuhi viazi vikavu vya kuchemsha na karanga, na sato akawa samaki wa kumwona sokoni, unamsalimia, unapita. Wengi wanaukumbuka kwa njaa. Mimi naukumbuka kwa aibu, kwa sababu katika mwaka ambao kila mtu alikosa, mimi Bibi Milembe, mwanamke mzima mwenye wajukuu kumi na mmoja na meno yangu yote isipokuwa mawili, nilikula firigisi sita za wakwe kwa mkao mmoja, juu ya kigoda, mlango nimeufunga kwa ndani.

Haya, nimesema. Nimechoka kuificha. Kuficha nako ni kazi, na mimi kazi nimefanya za kutosha.

Niwaeleze kwanza nilivyokuwa. Mtaani kwetu Mwanza, huku mlimani kati ya mawe, nilijulikana kama mtu asiyekula. Kwenye harusi nachota wali kijiko kimoja, nauzungusha kwenye sahani, naurudisha. Kwenye msiba nakunywa chai kavu. Wakisema, "Bibi, ongeza," nawajibu, "Mimi nikiona watoto wamekula nimeshiba," na wanawake wanatikisa vichwa wakisema hao ndio wazee wa zamani, siyo sisi tunaokula kama mashine ya kukoboa mpunga. Sifa hiyo niliipenda, niliivaa kama kitenge kipya. Na kwa sifa hiyo, kila shughuli, iwe ya Wakristo iwe ya Waislamu, ufunguo wa chumba cha chakula nakabidhiwa mimi: nyama imekaangwa, imefungiwa, Bibi Milembe kakaa mlangoni na ufunguo kwenye pindo la kanga. Nani atunze nyama kuliko mtu asiyekula? (Fisi alikabidhiwa bucha, na wenye bucha wakamshukuru.)

Maana mafichoni, wenzangu, nilikuwa nakula. Sisemi kula kwa njaa, njaa naijua, tumekua pamoja. Nilikuwa nakula nimeshiba. Nyumba ikibaki tupu saa nne asubuhi, mwanangu Masanja kaenda gereji, mkewe Modesta kaenda sokoni, mimi nafungua sanduku langu la bati, lile nililokuja nalo nilipoolewa, na chini ya kanga kuna nusu mkate, kuna maandazi ya juzi, kuna kipande cha sangara wa kukaanga ndani ya gazeti, kuna sukari kwenye soksi (soksi safi, msinitazame hivyo). Nakula nimesimama, haraka, bila kuonja, sikio liko mlangoni, na kadiri ninavyokula ndivyo mkono unavyozidi kutafuta, mpaka kifua kinabana, halafu nakaa kitandani kama mtu aliyepigwa, nasema leo mwisho. Kesho yake najiadhibu, sinywi hata uji. Saa nne ikigonga, mkono uko kwenye sanduku.

Nilijifunza wapi? Nilijifunza ukweni. Nilikuwa msichana mdogo, na bibi harusi wakati huo hali mbele ya wakwe. Napakua, nasubiri wamalize, halafu napewa sufuria nikwangue. Na marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema kwa kila jambo ila alihesabu minofu. Anafunua sufuria asubuhi anahesabu kwa kidole, jioni anafunua tena. Sasa mwanamke mwenye mimba na njaa atafanya nini? Anajifunza kula mgongo wa mtu ukigeuka. Mama mkwe akafa, mume akafa, minofu haina wa kuihesabu tena, lakini tumbo langu lilibaki palepale jikoni, linaamini kwamba chakula cha mbele za watu ni maonyesho, chakula chenyewe ni cha kuiba.

Lakini hayo ni ya tumbo. La mdomo ndilo baya zaidi. Mtu mwenye siri ya kula huwa mkali kwa midomo ya wengine, na mdomo niliouandama mimi ni wa Modesta, mke wa mwanangu. Modesta ni mtu wa Magu, mnene kiasi, mcheshi, anapika huku anaonja, anacheka mdomo umejaa, anakula mchana kweupe bila kumwogopa mtu. Nilishindwa kumvumilia. Nilikuwa namwambia mbele ya majirani, "Modesta, anayeonja mara tatu huyo ameshakula." Au namwambia jirani yangu Zubeda, kwa sauti ili mwenyewe asikie, "Mkwe wangu huyu, ukimtuma kuku anarudi na manyoya." Wanacheka. Modesta naye anacheka, "Mama naye!" anasema, anageuza ugali. Nilidhani hajali.

Basi mwaka huohuo mjukuu wangu Kabula, binti wa Modesta na Masanja, akapata mchumba, kijana mwalimu wa Sengerema, ng'ambo ya ziwa, anaitwa Elias, mwenye adabu mpaka inachosha. Wazee wake sita wakatuma neno kwamba Jumamosi watavuka waje tuwapokee. Modesta alikuwa na majogoo sita ya kienyeji aliyoyalea mwenyewe tangu vifaranga, mwaka ule wa dagaa, akiyapa pumba aliyoomba mashineni, na hakuna aliyeruhusiwa kuyatazama kwa jicho la mchuzi. Mume wa Zubeda akayachinja, ili na majirani Waislamu wale bila wasiwasi, Modesta akayapika tangu alfajiri.

Sasa kwetu kuku wa mkwe ana sheria. Kila mzee na bakuli lake, kila bakuli na kuku wake mzima, vipande vyote vimo, na juu kabisa inakaa firigisi, ili mgeni akifunua aione kwanza. Firigisi ni ya mkubwa. Akiiona, umemwambia, "Tumekutambua." Asipoiona, umemwambia kitu ambacho watu wengine wamevunjia uchumba.

Asubuhi hiyo Modesta akanipa ufunguo mbele ya watu wote. "Mama, shika. Chumba ni chako." Akaniangalia kidogo zaidi ya kawaida. Mimi nikaufunga kwenye pindo, nikakaa ndani na mabakuli sita, nimejinyima tangu jana mchana, sijala kitu, makusudi, ili siku hiyo niwe safi. (Kumbe nilikuwa najiwekea kuni na kiberiti.)

Wageni walitakiwa wafike saa sita. Saa sita simu ikaja kutoka kivukoni Kamanga kwamba ziwa limechafuka, kivuko kinasubiri upepo utulie. Saa saba, bado. Saa nane, bado. Chumba kina dirisha moja dogo, joto, mabakuli yanapumua pembeni mwa vifuniko, harufu ya kitunguu na ile ngozi iliyopita kwenye mafuta, na mimi peke yangu. Nikasema ngoja nionje chumvi. Nani atawaambia wakwe chumvi imekosewa? Ni wajibu wangu.

Nikaonja firigisi ya bakuli la kwanza.

Mnajua kwa nini firigisi? Kwa sababu haina mfupa. Ukila paja unabaki na ushahidi mkononi. Firigisi inaingia yote, unafuta vidole, dunia iko vilevile. Nilipomaliza nikafunika bakuli, nikakaa, halafu nikaanza kufikiri, na kufikiri kwa mwenye njaa ni hatari kuliko njaa yenyewe. Nikaona: bakuli moja halina firigisi, matano yanazo. Huyo mzee mmoja atatukanika. Nikachukua ya bakuli la pili nimwekee yeye, lakini sasa la pili halina, kwa hiyo ya pili nikaila nifikiri vizuri. Wawili wametukanika. Ndipo shetani akaniambia neno la busara: Milembe, ikikosekana moja ni tusi, zikikosekana zote ni mila. Watadhani ndivyo watu wa mjini wanavyopika! Nikaona kweli. Nikala ya tatu, ya nne na ya tano kwa ajili ya usawa, bila kuonja, sikio mlangoni, kama nyumbani kwangu, na kweli ilikuwa nyumbani kwangu.

Ya sita ndiyo iko mdomoni, nzima, ya jogoo mzee, inakataa meno, nikasikia vigelegele nje. Wamefika. Na kabla sijameza mlango unagongwa. "Bibi, fungua, Elias amekuja kukusalimia kabla hajakaa." Ni Kabula.

Ningefanya nini? Nikafungua.

Kijana akainama. "Shikamoo, bibi."

"Mmh," nikasema.

Akadhani sijasikia. Akainama zaidi. "Shikamoo, bibi."

"Mmmh." Nikatikisa kichwa, macho yananitoka.

"Bibi, shikamoo," mara ya tatu, sauti imeanza kupungua. Nikamwonyesha kwa mkono aende. Akatoka kinyumenyume. Nyie, mzee kukataa shikamoo ya mkwe mara tatu, na kumfukuza kwa mkono! Mpaka nimeimeza ile firigisi (ilishuka kama jiwe la kusagia), nasikia uani wananong'ona: "Bibi hajaitikia." "Hajaitikia?" "Mara tatu! Kamfukuza!" Kabula wangu akaja tena mlangoni, machozi hayo, "Bibi, umemwonaje Elias, ana kosa gani?" Nikamwambia hana kosa, koo linanisumbua. Hakuniamini. Ningekuwa yeye na mimi nisingeniamini.

Tukakaa chini ya turubai. Wazee sita kwenye viti, wamepanda mlima kwa miguu, wanahema, wana njaa ya ziwa. Mimi nimewekewa kiti changu cha bibi, wanawake mkekani. Kabula akapita na mabakuli, anapiga magoti kwa kila mmoja. Mjomba wa Elias, mzee mrefu mwenye kofia ya pama, ndiye mkubwa wao, akafunua bakuli. Akaangalia. Akafunika. Wa pili akafunua, akafunika. Wakaenda hivyo mpaka wa sita, pa, pa, pa, kama watu wanaofunga madirisha mvua ikija.

Mjomba akamgeukia Masanja. "Mwenyeji wetu, naomba kuuliza tu, sisi watu wa ng'ambo hatujui mambo ya mjini. Kuku wenu huku Mwanza husagia wapi chakula chao? Au siku hizi wanakipeleka mashineni?"

Hakuna aliyecheka. Mwenzake akaongeza, "Na bibi hajamwitikia kijana. Kama hamtutaki, kivuko cha kurudi bado kipo."

Masanja akaanza kutoa jasho. "Nani alipika?" akauliza, na anajua aliyepika. Macho yote kwa Modesta. Zubeda, ambaye hana ubaya ila mdomo haufungi, akasema, "Lakini ufunguo alikuwa nao Bibi." Na mnajua kilichofuata? Watu wakacheka! "Bibi? Bibi hali!" Sifa yangu yote ya miaka, kijiko kimoja cha wali, chai kavu, ikasimama pale kama shahidi, ikamnyooshea kidole mkwe wangu.

Modesta akanitazama. Nikatazama viatu vyangu. Akasema, "Ni mimi. Nilionja, nikapitiliza. Naombeni radhi, wazazi wangu."

Masanja akamwambia mbele ya wakwe, mbele ya binti yao Kabula, "Umenivua nguo. Chukua vitu vyako uende kwenu Magu ukaonjee huko."

Na mimi, sasa hapa mnisikilize, kwa sababu firigisi ni aibu ndogo, hii ndiyo yenyewe. Mimi nilikuwa na nafasi ya kunyamaza tu. Kunyamaza peke yake kungekuwa dhambi ya kutosha. Lakini mdomo uliozoea ukaenda wenyewe, nikasema kwa sauti, kwa masikitiko kabisa, "Si nilisema?"

Modesta akachukua jagi na beseni, kwa sababu wageni walikuwa hawajanawa na shughuli haisimami kwa ajili ya machozi, akaanza kunawisha. Akanawisha wazee sita. Akafika kwangu, akapiga magoti, akamimina. Maji yakapita mikononi mwangu yakaanguka kwenye beseni, na juu yake yakatanda mafuta, macho ya mafuta, madogo madogo, yananitazama. Akainua uso karibu, akaninong'oneza, "Mama, una mafuta kidevuni. Jifute na pindo kabla hawajaona."

Nyie, ningepigwa kofi ningeinuka salama. Mtu nimetoka kumzika hai, anashika taa ili nisijikwae.

Nikasimama. Nikasema, "Firigisi nimekula mimi. Zote sita. Modesta hajagusa hata supu."

Mnadhani waliamini? Mjomba akavua kofia! "Mnaona?" akawaambia wenzake. "Mama mkwe wa namna hii yuko wapi siku hizi? Anajibebesha wizi kumwokoa mke wa mwanawe." Wanawake wakapiga vigelegele. Zubeda anafuta machozi. Masanja ananishika mkono, "Kaa, mama, usijidhalilishe kwa ajili yake." Naungama nazidi kuwa mtakatifu. Nikaona kumbe uongo nilioujenga ni mrefu kuliko mimi, siwezi kuubomoa kwa maneno, na nilichoka, wenzangu, nilichoka pale niliposimama, uchovu wa miaka yote ulinishukia kama gunia.

Nikaingia chumbani kwangu. Nikalikamata sanduku la bati mpini mmoja nikaliburuta, kra kra kra kwenye sakafu, mpaka uani, mpaka katikati ya mkeka. Nikalifungua. Nikatoa kanga moja moja, nikaziweka pembeni. Halafu nikalipindua.

Mkate. Maandazi, mengine yana ukungu. Sangara. Chapati kwenye mfuko. Mifupa ya kuku wa Krismasi niliyoshindwa kwenda kuitupa. Ile soksi ya sukari. Siagi imeyeyukia kwenye kitambaa cha kanisani.

Zubeda ndiye wa kwanza kupata sauti. "Yallah! Milembe! Huo mkate si wangu wa Alhamisi? Mimi nilimfukuza paka kwa huo mkate!"

Nikasema, "Mrudishe paka. Na firigisi, nitazameni kidevu."

Sasa waliamini. Sitaki kueleza nyuso. Mwanangu alitazama chini muda mrefu. Kabula alijifunika kanga usoni. Mjomba akarudisha kofia kichwani polepole, akakohoa, akasema, "Mama, kuku walikuwa sita. Sisi tutapokea wengine sita, hai, kila mmoja na firigisi yake ndani, na watavuka ziwa wenyewe." Hapo watu wakacheka, kicheko kikubwa cha kupumua, na uchumba ukapona palepale, maana faini ikishatajwa ugomvi umekwisha. Yule kijana akaja tena mbele yangu, jasiri kweli, akainama. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Marahaba, marahaba." Nilimpa zote tatu.

Mmoja tu hakucheka. Modesta alimaliza kunawisha, akapakua ugali, akahudumia mpaka wageni wakaondoka, akaosha vyombo. Masanja akamfuata jikoni kuomba radhi, nilisikia. Asubuhi yake akafunga nguo zake. Nikamkuta mlangoni, nikasema, "Modesta mwanangu, si nimesema ukweli mbele ya watu?"

Akasema, "Firigisi ningezibeba, mama. Nimebeba mengi yako. Lile neno 'si nilisema' ndilo zito." Akashuka mlima.

Mngedhani baada ya aibu ile nilipona. Watu hudhani aibu ni dawa. Siku kumi za kwanza ambazo Modesta hakuwepo nilikula kuliko siku zote za maisha yangu. Sanduku lilishafahamika, sikuwa na haja ya sanduku, nilikula jikoni waziwazi, nyumba tupu, hakuna wa kumficha, nilikula mpaka nikatapika nyuma ya jiwe kama mbwa, nikarudi nikaendelea. Na hakikuwa na ladha, hata ile ladha ya wizi. Masanja akaenda Magu kumchukua mkewe, akarudi peke yake. Kabula akawa ananisalimia na kupita. Siku ya kumi na moja nilipokuwa nakunja kanga nikagusa pindo, nikakuta ufunguo. Ule wa chumba. Nilikuwa nalala nao.

Nikapanda gari la Magu.

Nilimkuta Modesta kwao, uani, anapepeta mpunga na mama yake, mzee mwenzangu. Wakanikaribisha kama mtu asiye na kosa. Chakula kikaja, wali wenyewe, mwaka ule! Mama yake akanipakulia. Hapo mila inanitaka nirambe kijiko nirudishe, maana hao ni wakwe. Nikala. Nilikula mbele ya mkwe mwenzangu sahani nzima, nimekaa, polepole, kila tonge nalisikia, na machozi yanadondokea kwenye mboga, na yule mzee akaniongezea mchicha.

Baadaye nikamuuliza Modesta, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwaka wa pili nimeolewa. Nani anafua kanga zako, mama? Zinanuka maandazi."

"Sasa kwa nini ulinipa ufunguo?"

"Nisingekupa, watu wangeuliza kwa nini."

Akaendelea kupepeta. Halafu akasema, hanitazami, "Mimi sikuchukii. Nimechoka tu. Miaka yote hii naonja mchuzi nyumbani kwangu huku naangalia nyuma. Na wewe unakula huku unaangalia nyuma. Nyumba moja, wanawake wawili, wote tunaangalia nyuma. Sirudi kwenye hiyo."

Nikafungua pindo. Nikauweka ule ufunguo kwenye ungo wake, juu ya mpunga. Nikasema, "Ufunguo sishiki, na peke yangu sili."

Akaacha kupepeta. "Sema tena, mama, mama yangu asikie."

Nikasema tena, vilevile.

Alirudi baada ya siku mbili, si siku ileile (si mtu wa kununulika kwa neno moja, na mimi ningemdharau). Tangu hapo tunakula kwa wakati, asubuhi, mchana, jioni, tumekaa, sahani iko mbele, mtu yuko mbele. Siku nyingine mtu huyo ni Modesta, siku nyingine ni Zubeda na paka wake. Muuguzi wa kliniki ninakokwenda kwa ajili ya presha, binti mdogo mwenye maneno ya kizee, nilipomsimulia aliniambia, "Bibi, usijinyime asubuhi. Ukijinyima asubuhi, mchana utaiba." Nilitaka kumwambia amechelewa miaka arobaini. Sasa nakunywa uji, bakuli zima, hata siku ya harusi.

Sijapona kama mtu anavyopona malaria, kwamba vidonge vimeisha na wewe umeisha kuumwa. Wiki iliyopita, mvua, nyumba tupu, saa nne ileile, nilikula mkate mzima nimesimama. Modesta aliporudi nikamwambia kabla hajavua viatu. Akasema, "Haya, umeniambia. Njoo tumenye viazi." Hakuna aliyekufa. Sanduku lina kanga tu, zinanuka sabuni. Na Modesta akipika anaonja mara tatu, mara nne, anacheka, na mimi nafunga mdomo, jambo ambalo nawaapia ni gumu kuliko kuacha mkate.

Majuzi Zubeda anamwoza binti yake. Akaja na ufunguo mkononi. Akasema, "Milembe, yale yamepita, watu wameshasahau, na mimi simwamini mtu mwingine. Kaa tu mlangoni."

Nikamwambia, "Ufunguo sishiki, na peke yangu sili."

"Si chumba cha nyama! Ni cha soda tu na maji."

Modesta alikuwa kizingitini na mwiko, ameacha kukoroga, anasikiliza nitasema nini.

"Ufunguo sishiki, na peke yangu sili."